Kompyuta ya Mwanangu na Mtandao wa Nyumbani kwa Gharama Ndogo



Msimu uliopita, baada ya kuuza karafuu zangu, nilimnunulia mwanangu wa kike kompyuta mpakato, ile ambayo vijana huiita laptopu. Yeye ameolewa Mkwajuni. Sisemi Mkwajuni yetu ya Kaskazini Unguja, bali Mkwajuni ya bara, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika Mkoa wa Songwe uliogawanywa kutoka Mbeya mwaka 2016. Anasoma Chuo Kikuu Huria, na masomo yake mengi huyapata kwa mtandao. Nikadhani kazi yangu imekwisha. Kumbe kununua kompyuta ni kama kupanda mkarafuu: matunzo yako mbele.

Wiki ya pili akanipigia simu. "Baba, kifurushi cha mwezi kimekwisha kwa siku 4, na kazi ya chuo sijaipeleka." Siku za kuipeleka zilibaki 2 tu. Muuza duka mmoja alikwisha mwambia kwamba hapana njia ila kununua ruta na kulipia laini ya nyumbani kila mwezi. Fedha hizo yeye hakuwa nazo, wala mimi. Ndipo tulipoanza kuuliza na kujifunza, na tuliyoyapata nayaandika hapa, kwani wengi wetu tuna watoto wenye haja kama hiyo.

Kwanza yafaa kujua mtandao watoka wapi. Mwaka 2009 waya wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam. Mwaka huo huo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa barani, na leo umefika hata Tunduma, mpakani na Zambia. Lakini waya kufika mkoani si waya kuingia nyumbani. Pale ambapo faiba haijafika mlangoni, mtandao huja kwa minara ya simu. Basi simu janja aliyo nayo mtu tayari ni mlango wa mtandao, na kwa kompyuta moja hapana haja ya kununua mlango wa pili.

Kuunganisha ni kazi ya dakika chache. Chukua waya wa USB, upande mmoja uingie katika simu na wa pili katika kompyuta. Kisha fungua mipangilio ya simu, mahali pa kugawa mtandao, uwashe njia ya USB. Ikiwa kompyuta haioni kitu, badili waya, kwani baadhi ya waya za kuchajia hupitisha umeme tu. Waweza pia kuwasha hotispoti bila ya waya, ila hiyo hula betri ya simu, na shurti uiwekee neno la siri, jirani asije akachota kifurushi chako. Na nyumba ya mabati huzuia mawimbi. Weka simu karibu na dirisha.

Sasa tuje kwenye siri ya zile siku 4. Simu hujua kwamba inatumia kifurushi, nayo hujizuia. Kompyuta mara nyingi haijui. Ikiona mtandao, hudhani ni wa nyumbani usio na kipimo, ikaanza kushusha marekebisho makubwa ya programu na kupandisha picha, mwenyewe amelala. Kifurushi cha mwanangu hakikuliwa na masomo. Kilivuja kama gunia lililotoboka. Dawa yake haina bei. Katika kompyuta ya Windows, ndani ya mipangilio ya mtandao, mna mahali pa kuiambia kwamba mtandao huu unapimwa. Washa hapo, na ufanye hivyo kwa kila mtandao unaojiunga nao. Papo hapo huonyeshwa ni programu ipi iliyokula kiasi gani. Marekebisho yasiachwe kabisa, kwani ni ulinzi wa kompyuta. Yafanywe kwa siku maalumu, penye mtandao usiopimwa.

Mwanangu alifanya hivyo jioni ile, akanunua kifurushi kidogo cha siku, na kazi ya chuo ikafika kwa wakati wake.

Je, laini ya nyumbani haifai? Yafaa, lakini kwa hesabu. Andika mwezi mzima vifurushi vya kila mtu nyumbani. Jumla ikizidi ada ya laini, chukua laini. Kabla ya kutia saini uliza: ruta na kufungiwa ni bei gani? Je, kuna kiasi ambacho kikipita, kasi hupunguzwa? Nikikosa kulipa mwezi mmoja, itakuwaje? Tena angalia kipimo. Kasi huuzwa kwa megabiti, na faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ikienda kwa kasi yake yote, hushusha megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Sisi tunaopima karafuu twajua vyema kwamba pishi si kilo.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mkwajuni, mwanangu ameweka daftari pembeni mwa kompyuta, na kifurushi cha mwezi sasa humaliza mwezi. Fedha ya karafuu ni ya jasho. Tusiiache ivuje usiku.