Gari la Mbio Lisilo na Paa

Aghalabu watu hudhani kwamba gari la mbio lililo wazi juu ni lile lile lililofunikwa, ila limevuliwa paa kama mtu avuavyo kofia. Na dhana hii imewapoteza hata mafundi hodari, kwa kuwa paa la gari halikuwekwa kwa ajili ya mvua na jua tu, bali ni kiungo cha mwili wake, kinachozishika nguzo za kioo cha mbele na kuziunganisha na sehemu ya nyuma, hata gari zima likawa mfano wa kasha lililofungwa.

Twaa kasha la karatasi ngumu lenye kifuniko chake, ulishike kwa ncha mbili, ujaribu kulisokota: litakataa. Liondoe kifuniko, nalo litajinyonga mikononi mwako pasipo taabu. Ndivyo liwavyo gari likatwapo paa. Gurudumu moja likiingia shimoni, mwili wote hupotoka kidogo, kioo cha kutazamia nyuma hutetemeka, milango hulia, na springi, ambazo mhandisi alizikadiria kwa hadhari kubwa, haziwezi tena kutenda kazi yake kwa usahihi, mithili ya mizani ya sonara iliyowekwa juu ya meza inayoyumba. Dawa ya kale ilikuwa kuongeza vyuma chini ya sakafu na kuvinenepesha vizingiti vya milango. Nayo hutibu, walakini uzito wake huila ile kasi ambayo ndiyo muradi wa gari lenyewe.

Njia iliyo bora, kwa rai yangu, ni ile iliyofuatwa na kampuni ya McLaren huko Woking, Uingereza. Mwaka 1981 gari lao la mashindano, MP4/1, lililosanifiwa na John Barnard, lilikuwa la kwanza katika Formula 1 kuwa na kiunzi cha nyuzi za kaboni. Na miaka 30 baadaye, walipotoa gari la barabarani liitwalo MP4-12C, walilijenga juu ya beseni la nyuzi hizo hizo, lililotolewa kalibuni likiwa kipande kimoja, lenye uzito wa kilo 75 tu. Msomaji wa pwani atalielewa beseni hilo akikumbuka jahazi: nguvu za chombo zimo katika mkuku na mataruma, wala chandarua kinachowatilia abiria kivuli hakiongezi kitu. Wasanifu walikuwa na nia ya kutoa gari la wazi tangu mwanzo, kwa hiyo nguvu walizitia chini, sakafuni na vizingitini, kabla paa halijafikiriwa.

Gari la wazi lilipotoka mwaka 2012, beseni halikuhitaji kuimarishwa. Uzito uliozidi ni kilo 40, za paa gumu la vipande viwili na mitambo yake, ambalo hujikunja na kujificha nyuma ya viti kwa muda usiotimia sekunde 17, hata gari likiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, gari hili huchukua sekunde 3.1 sawa na ndugu yake. Na mwendo wake wa mwisho ni kilomita 329 kwa saa, yaani pungufu kwa kilomita 4 tu.

Upepo nao wataka hesabu yake. Hewa ipitayo juu ya kioo cha mbele hugeuka nyuma ya vichwa vya abiria na kurudi kuwapiga usoni. Kwa sababu hiyo kioo kidogo cha nyuma hupandishwa kiwe kinga, na paa likiwa limefungwa, hicho hicho huweza kuteremshwa ili dereva aisikie injini iliyo mgongoni pake, jambo ambalo mimi naliona ni zuri kuliko paa lenyewe.

Nawe msomaji, ukitamani gari la wazi, tafuta lililosanifiwa hivyo tangu kiwandani, wala usimkubalie fundi yeyote alitie msumeno paa la gari lako.