Mafuta Yabakiayo Katika Karai

Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet, chakula cha jioni kikiisha kuliwa na vyombo vikiisha kukusanywa, hubaki jambo moja dogo ambalo watu wachache hulifikiria. Ni yale mafuta yaliyosalia katika karai baada ya kukaanga mandazi, viazi au samaki. Mara nyingi bibi wa nyumba hulichukua karai, hufungua mlango wa nyuma, huyamwaga mferejini yangali ya moto, kisha hufunga mlango. Jirani naye hufanya vivyo hivyo. Katika kambi ya shamba la chai, ambako nyumba ishirini huweza kutumia mfereji mmoja, hayo ni makarai ishirini, na hasa siku za mwisho wa mwezi, mshahara unapopatikana na kila nyumba inukiapo mapishi.

Kosa lenyewe ni moja tu, nalo ni kuyatendea mafuta kana kwamba ni maji. Yangali motoni hufanana na maji kwa kutiririka kwake, lakini mfano huo haudumu. Nchi ya Kericho imeinuka zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari, na baridi yake ya usiku ndiyo iliyoifanya ipendwe na mti wa chai. Baridi hiyo hiyo huyagandisha mafuta kabla hayajafika mbali. Mafuta ya kopo, yale meupe magumu, huganda upesi sana, na shahamu ya ng'ombe hali kadhalika. Hata mafuta ya chupa yatokanayo na michikichi huonekana asubuhi ya baridi yamekuwa mazito kama uji. Ya alizeti na ya mahindi hayagandi kwa baridi ya namna hii, lakini nayo hushikamana na taka na udongo.

Basi mafuta yaliyomwagwa jioni hulala mferejini, na kila makombo ya ugali, kila jani la sukuma wiki na kila punje ya mchanga ipitayo hunaswa hapo. Siku ya pili huongezwa mengine juu yake. Mvua za Kericho, ambazo hukosa kunyesha miezi michache tu katika mwaka, zinapokuja kwa nguvu hukuta njia imezibwa, na maji machafu hurudi mlangoni kwa aliyeyatoa, au kwa jirani wa chini ambaye hakukaanga kitu. Ugomvi mwingi wa kambini umeanza hivyo. Panya na nzi nao huipenda harufu ya mafuta yaliyooza. Mbu huzaliana katika maji yale yaliyotuama. Ni kweli kwamba wale wa maji machafu kwa kawaida si wale waletao malaria, bali hilo si faraja kubwa kwa mtu asiyepata usingizi.

Mafuta yasiyonaswa mferejini huenda mtoni. Vijito vya Kericho huingia katika Itare na Kipsonoi, na maji hayo hatimaye huwa mto Sondu uendao Ziwa Victoria. Upande wa Bomet, Nyangores hukutana na Amala na kufanya mto Mara. Utando wa mafuta juu ya maji huzuia hewa isiingie, na mafuta yenyewe yanapooza huitumia hewa iliyomo, hata samaki na wadudu wa majini wakaikosa. Tena ni mito ile ile ambayo watu wakaao chini huteka maji ya kunywa na kunywesha ng'ombe wao.

Wengine waliojenga nyumba mpya mjini Kericho, Litein au Sotik, zenye sinki na shimo la maji machafu, hudhani wameokoka. Hawakuokoka. Humimina mafuta katika sinki, kisha hufuatisha maji ya moto na sabuni, wakifikiri wameyasafisha, kumbe wameyasukuma tu mbele kidogo hata mahali ambapo bomba ni baridi na mkono haufiki. Yafikayo shimoni huelea juu, na yakizidi hupita pamoja na maji, yakaziba udongo uliokusudiwa kuyanywa maji yale. Kuchimba shimo jingine ni gharama ambayo ingetosha kununua mafuta ya miaka mingi. Hata miji mikubwa haikusalimika: Septemba 2017, katika bomba kuu la maji machafu chini ya mtaa wa Whitechapel, London, lilikutwa bonge la mafuta yaliyoganda pamoja na vitambaa na taka, urefu wake kiasi cha meta 250 na uzito wake kiasi cha tani 130. Bonge hilo lilitokana na kikaango kimoja baada ya kingine, kama vile vya hapa.

Wazee wa Kipsigis wa zamani hawakuwa na taabu hii. Mafuta yao yalikuwa ya ng'ombe, hayakuwa mengi, na yale yasiyoliwa yalikuwa na kazi ya kulainisha ngozi za kuvaa. Taabu ilikuja pamoja na karai na kopo la dukani.

Dawa yake huanza na kungoja. Ile baridi izibayo mfereji ndiyo hiyo hiyo impayo mpishi msaada bila malipo. Karai liondolewe motoni, lifunikwe, na liwekwe mahali ambapo mtoto hawezi kulifikia wala kuku kulipindua, mpaka lipoe. Mafuta ya moto yasibebwe huku na huku, kwa maana watoto huunguzwa kwa njia hiyo. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yatiririkayo kwa muda wa dakika 20, wala asipakwe mafuta juu ya kidonda, kama wafanyavyo wengi. Kisha apelekwe hospitali ikiwa pameungua sana. Na mafuta yakishika moto jikoni, kamwe yasimwagiwe maji. Maji huzama chini ya mafuta, hugeuka mvuke kwa ghafula na kurusha moto mpaka darini. Kifuniko kipana huuzima moto huo pasipo hatari, iwapo karai litaachwa limefunikwa hata lipoe kabisa.

Yakiisha kupoa, bali yangali laini, yachujwe kwa kitambaa safi na kutiwa katika mkebe wenye kifuniko. Karibu kila nyumba ina mkebe mtupu wa mafuta, ambao wengine huutumia kupimia mahindi. Mmoja utengwe kwa kazi hii, nao uwe wa bati na si wa plastiki, kwa kuwa wako wasiongoja mafuta yapoe. Mafuta yaliyochujwa na kuwekwa pasipo mwanga hufaa kukaangia tena mara mbili au tatu. Yakianza kutoa moshi upesi, au povu, au kuwa meusi na yenye harufu kali, yameharibika. Wauza mandazi wa milangoni mwa viwanda vya chai wana shauri lao hapa, kwa kuwa wao huongeza mafuta mapya juu ya yale meusi ya juzi na kuhesabu faida. Faida hiyo haipo, maana mafuta mabovu huyaharibu mapya kwa haraka, na mandazi huyanywa mafuta kupita kiasi.

Mafuta yaliyoharibika, yakiwa kidogo, yapanguswe kwa karatasi au majani makavu na kutiwa motoni kidogo kidogo wakati wa kuwasha kuni. Yakiwa mengi kidogo, yachanganywe na majivu baridi au unga wa mbao na kufukiwa mbali na kisima, kwa kina cha kutosha mbwa wasiyafukue. Katika shimo la mboji yasitiwe ila machache, kwani huzuia maji na hewa. Wengine huyapaka jembe na panga yasipate kutu, na jambo hili ni jema, lakini mafuta yaliyokaanga samaki wa chumvi huleta kutu badala ya kuizuia.

Lakini matumizi bora kuliko yote ni sabuni. Katika Vita vya Pili vya Dunia, tangu 1942, mabibi wa Marekani waliombwa kupeleka mafuta yao ya jikoni kwa wauza nyama, ili itolewe gliserini ya kutengenezea baruti. Na Uingereza mwaka huo huo sabuni ilianza kuuzwa kwa kipimo. Mafuta yale yale humwagwa Kericho, na asubuhi yake mtoto hutumwa dukani kununua kipande cha sabuni.

Kwanza mafuta husafishwa. Huchemshwa pamoja na maji ya kiasi sawa na chumvi kidogo, kisha huachwa usiku kucha. Asubuhi yatakuwa yameganda juu, na uchafu umebaki chini katika maji. Magadi ya sokoni hayatoshi kwa kazi hii, ingawa wengi wamejaribu na kupata uji usiofaa. Yahitajiwa kostiki soda, na kwa kilo moja ya mafuta yaliyosafishwa ni gramu 130 za soda hiyo na gramu 350 za maji, vyote vipimwe kwa mizani. Soda hutiwa ndani ya maji polepole, wala si maji juu ya soda, na kazi ifanyike nje, watoto wakiwa mbali, mikono na macho vikikingwa. Soda ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi mara moja. Sufuria za alumini zisitumiwe hata kidogo, kwani soda huzila. Ndoo ngumu ya plastiki na mti wa kukorogea vyatosha. Maji ya soda yakipoa hata kuwa ya uvuguvugu, humiminwa taratibu katika mafuta yaliyoyeyushwa yenye uvuguvugu vilevile, na kukorogwa mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji wa wimbi.

Humiminwa katika sanduku lililotandikwa karatasi ya nailoni na kufunikwa. Baada ya siku moja au mbili hukatwa vipande, navyo hupangwa rafuni penye hewa kwa wiki nne hadi sita, kwa maana sabuni mbichi huchoma ngozi. Itokanayo na mafuta ya samaki hubaki na harufu yake hata baada ya muda huo, nayo huwekwa kando kwa kusugulia sakafu na magunia ya chai.