Je, Wajua? Kijiji Kizima Kilikuwa na Mafungu Sita

Katika mikoa ya Irani ya miaka ya 1940 na 1950, kijiji kilimilikiwa kwa mafungu sita, kila moja likiitwa dang. Mwenye shamba aliweza kumiliki yote sita, au nusu ya fungu moja tu. Wanawake nao walimiliki. Bibi harusi aliweza kupewa sehemu ya kijiji kuwa mahari yake, ikaandikwa kwenye hati ya ndoa pamoja na dhahabu.

Mavuno yalihesabiwa kwa mambo matano: ardhi, maji, mbegu, ng'ombe wa kulimia na jasho. Kwa desturi hiyo, mkulima aliyekuwa na mikono yake tu alibaki na fungu moja kati ya matano. Ni kidogo mno kwa aliyelima mwaka mzima!

Majira ya baridi, familia iliketi kuzunguka korsi: meza fupi, jiko la makaa chini yake, mfarishi mkubwa juu. Miguu yote ilijibana humo. Hapo walikula, wakasimuliana hadithi, hata wakalala.

Barua nazo? Katika barua nyingi za zamani za Kiajemi, ukurasa ulipojaa, mwandishi aliigeuza karatasi na kuendelea pembezoni. Msomaji naye alilazimika kuizungusha mkononi.

Na ule umiliki wa vijiji? Sheria ya mageuzi ya ardhi ya 1962 ilimwachia kila mwenye ardhi kijiji kimoja tu, yaani dang sita. Aliruhusiwa kuzikusanya kutoka vijiji mbalimbali. Bustani za matunda na mashamba ya chai hayakuguswa.