Una kisukari? Kipimo cha kidole pekee hakitoshi

Ikiwa unaugua kisukari, huenda kila asubuhi hujidunga kidole na kuandika daftarini nambari unayoiona. Ni desturi nzuri, lakini nambari hiyo hukueleza habari za saa hiyo tu. Wapo wagonjwa ambao hujinyima chapati na soda siku mbili kabla ya kliniki, daktari akawasifu bure.

Kipimo cha HbA1c hakichezewi hivyo. Sukari ikizidi mwilini hujishikiza kwenye himoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi, kwa hivyo kipimo hufichua mambo ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Wagonjwa wengi hutakiwa wawe chini ya asilimia 7. (Kama una selimundu au upungufu wa damu, mweleze daktari mapema, maana majibu yaweza kupotosha.)

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu sukari haiishii kwenye himoglobini. Hujishikiza pia kwenye nyuzi za kolajeni katika kuta za mishipa mikubwa itokayo moyoni, ikazifunga pamoja. Mshipa wa kijana hutanuka moyo unapopiga, kisha ukanywea, mfano wa mpira mpya. Uliokakamaa hautanuki vyema, na pigo hufika kwa kishindo hadi kwenye ubongo na figo, ambako mishipa ni midogo na laini. Moyo nao hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Hayo yote huweza kutokea bila wewe kuhisi maumivu yoyote.

Ipo mitambo ya kupima kasi ya pigo kutoka shingoni hadi kinenani, lakini hospitali nyingi hazina. Usivunjike moyo. Itazame presha yako. Mtu mwenye 120 kwa 80 ana pengo la 40. Mwenye 160 kwa 70 ana pengo la 90, na hiyo ni dalili kwamba huenda mishipa yake imekakamaa, hata kama nambari ya chini yapendeza.

Na presha yatibika. Katika utafiti wa UKPDS wa Uingereza, uliotangazwa mwaka wa 1998, wagonjwa wa kisukari waliodhibitiwa presha kwa makini walipatwa na kiharusi kwa asilimia 44 chini ya wenzao.

Ukienda kliniki, omba pia mafuta ya damu yapimwe, na mkojo uchunguzwe protini kila mwaka. Figo huanza kuvuja mapema, miguu ikiwa bado haijavimba.