Kutu Haizikwi kwa Rangi: Namna ya Kukarabati Bodi za Magari Yetu ya Mwambao

Katika wilaya yetu ya mwambao, gari huzeeshwa na chumvi kabla halijazeeshwa na miaka. Upepo wa bahari huleta chumvi hadi uani, matope ya masika hung'ang'ania chini ya gari kwa wiki nzima, na magari yabebayo samaki, dagaa, barafu na mwani hudondokewa na maji ya chumvi kila siku ya kazi. Magari hayo hayo ndiyo yanayowapeleka watoto wetu shuleni, wagonjwa wetu kituo cha afya na mazao yetu sokoni. Kwa hiyo kutu si suala la urembo wa chombo pekee; ni suala la uhai wa waliomo ndani yake.

Makala haya yanaeleza jinsi kutu inavyofanya kazi, namna ya kuitambua, hatua za ukarabati unaostahili jina hilo, na huduma zilizopo kwa mafundi wetu. Jambo moja mwananchi alishike kuliko mengine yote: ukarabati wa kutu hupimwa kabla ya puti kupakwa, wala si baada ya rangi kung'aa.

Kutu ni nini

Chuma hupatikana kwa kuyeyushwa kutoka katika mawe yenye madini, na tangu siku hiyo hutafuta njia ya kurudi katika hali yake ya kwanza. Hewa na maji vikikutana nacho, hugeuka taratibu kuwa unga mwekundu tunaouita kutu. Chumvi huharakisha kazi hiyo, kwa kuwa huyawezesha maji kupitisha umeme mdogo unaokula chuma.

Kutu ina tabia mbili zinazoifanya iwe adui msumbufu. Ya kwanza, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu rangi huvimba na kutoa malengelenge kabla ya tundu kuonekana. Ya pili, imejaa vitundu vidogo vinavyoshika maji na chumvi. Ukipaka rangi juu yake, umeufungia unyevu ndani, nayo huendelea kula gizani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Bati la gari aghalabu huanza kuliwa kwa ndani, na linapotoboka nje kazi imekwisha kufika mbali.

Kutu ya ngozi na kutu ya mifupa

Si kila kutu ina uzito sawa. Kutu ya ngozi ni ile inayoshika boneti, milango, madigadi na buti. Inaharibu sura na thamani ya gari, lakini gari haliwezi kukatika kwa sababu yake. Kutu ya mifupa ni ile inayoshika chasisi, sakafu, vizingiti vya chini ya milango, sehemu zinaposhikwa springi na shokapu, na mahali mikanda ya usalama na viti vinapofungwa.

Hapa wamiliki wengi hukosea. Lori lina chasisi inayojitegemea, na bodi imepandishwa juu yake. Lakini magari mengi madogo ya abiria hayana chasisi ya namna hiyo. Sakafu na vizingiti vyake ndivyo mifupa yenyewe. Kizingiti kilichooza katika gari kama hilo hakipaswi kuhesabiwa kuwa pambo lililochakaa. Gari likigongwa ubavuni, hicho ndicho kilichotarajiwa kuwalinda abiria.

Namna ya kukagua

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Lioshe gari chini, liache likauke, kisha lala ulitazame ukiwa na tochi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liegemeze kwanza juu ya stendi imara.

Gonga taratibu kwa kipini cha bisibisi. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza hutoa sauti iliyofifia. Penye shaka, bonyeza kwa ncha ya bisibisi: ikizama, chuma kimekwisha. Chukua pia sumaku ndogo, izungushie kitambaa, na uipitishe juu ya rangi. Pale inapoachia ghafla, huenda pana puti nene iliyozikwa chini. Inua kapeti na usikilize pua yako: harufu ya ukungu na unyevu sakafuni ni onyo. Mwishowe tazama matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango na vizingiti. Yakizibwa na matope, maji hukaa ndani na kuoza kwa bati huanzia hapo.

Ukaguzi huu ni wa lazima zaidi kwa anayenunua gari lililotumika. Magari mengi ya aina hiyo huletwa nchini kutoka Japani, na baadhi yake yalitembea katika sehemu zenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Juu huweza kung'aa kama kioo ilhali chini kumechakaa.

Hatua za ukarabati

Kwanza ni kufichua. Rangi yote iliyovimba na puti ya zamani huondolewa kwa grenda, msasa mkali na brashi ya waya, mpaka chuma cheupe kionekane pande zote kuzunguka jeraha. Kuishia pale kutu inapoonekana kwa macho hakutoshi. Fundi huendelea hadi afikie chuma kizima.

Pili ni kuamua. Iwapo chuma kimechubuka juu juu tu na bado ni kigumu, husafishwa hadi king'ae, na vishimo vidogo hupakwa dawa ya kugeuza kutu. Dawa nyingi za namna hii zina asidi ya fosfori, ambayo huibadilisha kutu iliyobaki kuwa tabaka tulivu. Dawa hiyo haiponyi bati lililotoboka. Likishatoboka au kuwa jembamba kama karatasi, dawa yake ni moja: kukata.

Tatu ni kukata na kuchomelea. Sehemu iliyooza hukatwa yote, na kiraka hutengenezwa kwa bati la chuma lenye unene unaolingana na la awali, ambalo kwa bodi nyingi ni karibu milimita 0.8. Kiraka huchomelewa kwa vipande vifupi vifupi, fundi akihamahama kutoka upande mmoja hadi mwingine, ili joto lisilikunje bati. Kwa mifupa ya gari, mshono uzunguke kiraka chote. Vidoadoa vichache havitoshi.

Nne ni kulinda chuma. Mshono husawazishwa, hupanguswa mafuta na vumbi, kisha hupakwa praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Chuma kilichoachwa wazi usiku mmoja katika hewa yetu ya pwani huamka kikiwa chekundu. Maungio hupakwa dawa ya kuziba, na upande wa ndani wa kiraka, ambao hauonekani, hupuliziwa nta au dawa ya kuzuia kutu kupitia matundu yaliyopo.

Tano ndiyo puti, ikiwa inahitajika. Kazi yake ni kusawazisha mabonde madogo, isizidi milimita chache. Hainyanyui uzito wala haizuii maji; hunyonya unyevu ikiachwa bila praima juu yake. Baada ya hapo hufuata msasa laini, praima ya juu na rangi.

Njia za mkato na gharama yake

Mafundi na wamiliki wanazijua njia za mkato, na kila moja ina malipo yake. Kujaza tundu kwa gazeti, wavu au sponji kisha kuzika kwa puti humpa mwenye gari miezi michache ya fahari. Kiraka kilichochomelewa juu ya bati bovu hakina cha kushika, na maji hukusanyika kati ya mabati hayo mawili. Bati la kuezekea nyumba la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3 tu, haliwezi kuchukua nafasi ya sakafu ya gari. Tena zinki iliyolipaka hutoa moshi unapolichomelea, na moshi huo humletea fundi homa na maumivu ya kifua.

Wapo pia wanaopulizia oili chafu chini ya gari. Ni kweli mafuta huzuia maji, lakini oili hiyo huharibu mipira na bushi, hushika vumbi, na hudondokea udongo na visima vyetu. Nta au rangi ya lami iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ikipakwa juu ya chuma kisafi na kikavu, hufanya kazi bora. Ikipakwa juu ya kutu, ni kifuniko kingine tu.

Kuelewana na fundi

Ugomvi mwingi kati ya mteja na fundi hutokana na kazi kufichwa, na pengine fundi hulazimishwa kuificha na bei anayopewa. Anayelipia puti asitarajie bati. Kwa hiyo waafikiane mapema, ikiwezekana kwa maandishi: ni sehemu zipi zitakatwa, ni bati la unene gani litatumika, na malipo yatatolewa kwa awamu ngapi.

Utaratibu wenye manufaa kwa wote ni malipo ya awamu tatu. Ya kwanza hutolewa kwa ajili ya vifaa. Ya pili hutolewa mteja akishakuja kuona chuma kikiwa wazi, viraka vimechomelewa na praima haijafunikwa. Apige picha na kuitunza. Ya tatu hutolewa baada ya rangi. Fundi mwaminifu hafadhaishwi na ukaguzi huo; unamlinda, kwa kuwa hakuna atakayemsingizia siku za usoni. Picha hizo pia humwongezea mwenye gari heshima siku ya kuliuza.

Iwapo fundi atakuta mifupa imeoza kuliko ilivyodhaniwa, ana wajibu wa kusimamisha kazi na kumwita mwenye gari. Wakati mwingine jibu la haki ni kwamba gari hilo halifai tena kubeba abiria. Ni neno chungu kwa mtu ambaye gari ndilo shamba lake, lakini halina uchungu kuliko msiba. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo hairuhusu gari bovu kutembea barabarani, na rangi mpya haibadilishi hali hiyo.

Kinga

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lioshe gari chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, angalau mara moja kwa wiki, na siku ile ile kila litokapo ufukweni au kubeba samaki. Magari ya samaki yawekewe makasha yasiyovuja na mpira wa kutolea maji nje ya chasisi. Zibua matundu ya kutolea maji kila mwanzo wa mvua. Mkwaruzo uliofika kwenye chuma upakwe praima na rangi mapema. Kopo dogo leo ni nafuu kuliko kukata mlango kesho.

Usalama wa fundi na huduma zilizopo

Kabla ya kuchomelea, fundi atenganishe nyaya za betri, aondoe kapeti na viti vilivyo karibu, aepushe tangi na mabomba ya mafuta, na aweke mtungi wa kuzimia moto na ndoo ya mchanga karibu. Avae miwani, glavu na barakoa inayofaa, kwani vumbi la puti na mvuke wa rangi huumiza mapafu. Masalia ya rangi na tina yasimwagwe mitaroni, maana mitaro yetu huishia baharini.

Kijana anayetaka kuusomea ufundi huu anaweza kuulizia kozi za bodi za magari katika vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA). Aliyejifunzia gereji kwa miaka mingi bila cheti aulizie huko huko utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Kwa upande wa mtaji, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi kinachohitaji mashine ya kuchomelea au kompresa kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yake, ambaye ataeleza masharti ya usajili na maombi.

Tunawasihi wamiliki wasione haya kuomba kuona chuma kabla ya puti, na mafundi wasione haya kukionesha. Abiria anayepanda alfajiri kwenda mnadani hana nafasi ya kulala chini ya gari na tochi. Ameuacha ukaguzi huo mikononi mwenu.