Desimali Sita na Mpaka wa Shamba Upareni

Fungua programu ya ramani kwenye shamba la tangawizi kule Mamba Miamba, wilayani Same, nayo simu itakuandikia latitudo na longitudo kwa desimali sita. Desimali ya sita ni sawa na sentimita 11 hivi za ardhi. Lakini simu hiyohiyo, hata ikiwa chini ya anga wazi, kwa kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Dereva wa bodaboda anayepanda Suji kwa mara ya kwanza hana shida na mita 5. Ndugu wawili waliorithi kishamba cha mteremkoni, kilichobanwa kati ya mfereji na korongo, wanaweza kugombea mita hizo kwa miaka. Ndiyo maana namba iliyotoka kwenye simu ikiletwa kwenye shauri la ardhi, swali la kwanza liwe: ilipatikanaje?

Setilaiti haijui ulipo. Inatangaza mambo mawili tu: saa yake na njia inayopita angani. Kazi iliyobaki ni ya kipokezi kilichomo ndani ya simu. Setilaiti za GPS za Marekani huzunguka takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi, na mawimbi yake ya redio hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata iliyo utosini mawimbi yake hutumia milisekunde 67 kufika Same. Kipokezi hupima muda huo na kuugeuza kuwa umbali. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali huharibika kwa mita 300.

Setilaiti zina saa za atomiki, na hata hizo zimerekebishwa kabla ya kurushwa, kwa kuwa huko juu saa hukimbia mbele ya zetu kwa mikrosekunde 38 kila siku, kama nadharia ya Einstein inavyotaka. Simu ina saa ya bei rahisi. Basi kipokezi huikubali saa yake kuwa mbovu na kulihesabu kosa lake pamoja na latitudo, longitudo na kimo. Vitu visivyojulikana ni vinne, na ndiyo sababu setilaiti zinazohitajika ni nne, si tatu kama wengi wanavyofundishwa.

Nne ndicho kiwango cha chini, na hazitoshi zikiwa zimejazana upande mmoja. Hapo ndipo milima inapoingia. Ukisimama Makanya au Hedaru, kando ya barabara kuu, ukuta wa Pare Kusini umeziba sehemu ya anga ya mashariki. Setilaiti nyingi unazoziona ziko juu au magharibi. Kipokezi kikichanganya kosa la saa yake na umbali wa kwenda mashariki, hakuna setilaiti ya upande wa pili ya kukikosoa. Ukienda Kisiwani au Ndungu, ukuta unageuka. Ndani ya mabonde membamba ya juu hali ni ngumu zaidi, maana kuna mawimbi yanayogonga mwamba au bati la nyumba kwanza, kisha yanafika kwenye simu yamechelewa. Kipokezi huyapokea kama ya kweli na kukusogeza. Kwa bahati, simu za sasa husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na kwenye mteremko wingi huo ni msaada mkubwa kuliko desimali zozote.

Kuna pia kosa lisiloonekana kwa macho. Mawimbi hupita kwenye ionosfia, tabaka la hewa lililochajiwa umeme na jua, na huko hucheleweshwa kwa kiasi kinachoweza kufikia makumi ya mita nyakati za mchana. Sisi wa karibu na ikweta tunaathirika kuliko watu wa Ulaya. Baada ya jua kuzama, hasa Machi, Aprili, Septemba na Oktoba katika miaka ambayo jua limechangamka, tabaka hilo huvurugika na mawimbi hupepesuka hata kukatika. Kipokezi cha masafa mawili hulinganisha ucheleweshaji wa kila masafa na kuondoa sehemu kubwa ya kosa. Cha masafa mamoja hukisia tu. Vipimo muhimu vya mpaka visichukuliwe saa mbili usiku.

Mpima ardhi hafanyi kazi na kipokezi kimoja. Huweka cha kwanza juu ya alama ambayo mahali pake panajulikana tayari, akatembea na cha pili. Kwa kuwa vyote viwili viko chini ya anga moja, kosa la kile cha kwanza hulifichua la cha pili, na kosa linalobaki hushuka hadi sentimita chache. Hiyo ndiyo tofauti kati ya bikoni ya mpaka na picha ya skrini ya simu.

Hata namba safi yaweza kukupoteza ukiiweka kwenye ramani isiyo yake. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, nazo setilaiti hutumia WGS 84. Misingi hii miwili hutofautiana huku kwetu kwa karibu mita 300, hasa kaskazini na kusini. Kwenye karatasi ni milimita 6. Upareni, mita 300 zinatosha kukuvusha bonde. Kimo nacho kina mtego wake: simu nyingi hutoa kimo juu ya umbo la dunia la kihesabu, ambalo katika eneo letu linapishana na usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 10. Mwaka 1999 Kilimanjaro ilipopimwa kwa setilaiti ikapatikana mita 5,892 badala ya 5,895 za mwaka 1952, sehemu ngumu ya kazi ilikuwa kugeuza kimo cha setilaiti kuwa kimo cha juu ya bahari.

Mwenye simu tu anaweza bado kufanya kazi ya maana. Asogee mbali na bati na miti mikubwa. Asubiri: pasipo mtandao, kila setilaiti huhitaji nusu dakika kutangaza njia yake, na matangazo hayo yakikatika, kipokezi husubiri mzunguko mwingine. Achukue vipimo vingi kwa siku mbili tofauti na kutafuta wastani. Kisha pembeni ya namba aandike tarehe, saa, kosa lililoonyeshwa na simu, na kama ni WGS 84 au Arc 1960.