Uzito na Mwendo wa Motaboti

Wengi hudhani ya kuwa motaboti ikipewa injini kubwa zaidi, mwendo nao lazima uzidi kwa kadiri ile ile. Sivyo. Motaboti mbili za namna moja, zenye injini sawa, zaweza kushindana na moja ikaachwa mbali, kwa sababu tu ya jinsi uzito ulivyopangwa ndani yake.

Yafaa kwanza tujue chombo cha kasi hukimbiaje. Kikitulia hubebwa na maji kinayoyasukuma kando, kama jahazi. Kikishika mwendo, maji hupiga tumbo lake na kukiinua, hata kikateleza juu ya maji badala ya kuyapasua. Hapo sehemu ndogo tu ya tumbo hugusa maji, na ukinzani hupungua.

Uzito ukizidi mbele, omo huzama na maji hukishika chombo. Ukisogezwa nyuma, omo huinuka na mwendo huongezeka. Lakini ukipita kiasi, chombo huchupachupa kama pomboo, na faida yote hupotea. Ndiyo maana nahodha humwambia abiria mnene ahamie pale anapomtaka yeye. Wala si dharau.

Injini ya kufunga nyuma nayo ina mambo yake. Rafadha ikielekezwa ndani, karibu na tezi, omo husukumwa chini, na hiyo hufaa wakati wa kuondoka. Chombo kikisha kuteleza, huinamishwa nje kidogo ili omo ipande. Ikizidi, rafadha huvuta hewa: injini hulia sana na mwendo hushuka. Vile vile, injini ikifungwa juu zaidi, mguu wake hausumbuliwi sana na maji, ila tundu lake la maji ya kupoza lisiachwe hewani.

Kisha kuna upepo, na hapa ndipo penye hatari. Uzito wa chombo haubadiliki kwa mwendo, lakini mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya upepo wa kukiinua huwa mara nne. Omo ile nyepesi iliyoleta kasi huwa kama bawa.

Habari za Mwingereza Donald Campbell zaonyesha jambo hili waziwazi. Chombo chake, Bluebird K7, chenye injini ya jeti, kilipokuwa mbioni kiligusa maji mahali patatu tu: miguu miwili ya mbele na sehemu moja ya nyuma. Mwaka 1955 kilipita kilometa 325 kwa saa, na mwaka 1964, huko Australia, kilipita 444. Baadaye kilitiwa injini nyingine, nyepesi na yenye nguvu zaidi. Tarehe 4 Januari, 1967, katika ziwa la Coniston, Campbell alikwenda safari ya kwanza kwa kilometa 479 hivi. Rekodi hutaka safari mbili, ya kwenda na ya kurudi. Aligeuka upesi pasipo kutia mafuta tena, chombo kikiwa chepesi kuliko mwanzo, akapita kilometa 500. Omo ikainuka, upepo ukaingia chini yake, kikaruka na kupinduka. Campbell akafa. Wataalamu wametaja sababu zaidi ya moja, lakini wote huizungumzia ile omo.

Mwaka 1978 Ken Warby wa Australia alifikisha kilometa 511 katika chombo cha mbao alichokiunda uani kwake.